Akiba Iliyo Katika Ini

Miongoni mwa vitu ambavyo mwili wa mnyama hauwezi kudumu bila ya kuvipata, kiko kimoja ambacho ng'ombe, simba, kuku, papa wa kilindini na mwanadamu wote ni sawa katika kushindwa kukiumba wenyewe tangu mwanzo, nacho ni vitamini A. Asili yake yote i katika mimea ya nchi kavu na viumbe vidogo mno vya majini vinavyojilisha kwa nuru ya jua, ambavyo hutengeneza rangi za manjano na za machungwa za jamii ya karotini. Na mnyama hulipata fungu lake ama kwa kula mmea na kuigeuza karotini ndani ya mwili wake, ama kwa kula mnyama mwingine ambaye amekwisha kuifanya kazi hiyo. Lakini majani mabichi hayapo majira yote ya mwaka. Masika hufuatwa na kiangazi, na nyasi iliyokuwa kijani kibichi mwezi wa Mei huwa makapi makavu mwezi wa Septemba, ilhali jicho hudai haki yake kila usiku, ngozi na utando wa mapafu hudai yake kadhalika, na mimba iliyokwisha kutungwa haingojei mvua. Mwili, basi, ulilazimika kuwa na akiba. Na kwa kuwa kitu hiki kikizidi ni sumu, ulilazimika pia kuwa na sheria juu ya akiba hiyo.

Sheria hizo zaweza kufananishwa na taratibu za nyumba yenye mlango wa kuingilia, ghala ndani yake, na mlango wa kutokea. Dai langu ni kwamba mlango wa kutokea unalindwa kwa ukali wa ajabu, ghala ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na mlango wa kuingilia unalindwa dhidi ya mgeni mmoja lakini umeachwa wazi kwa mwingine; na kwamba asiyeyajua mambo haya hawezi kufahamu kwa nini mtoto mmoja hupofuka akiwa amezungukwa na majani mabichi, wala kwa nini mtu mzima mwenye nguvu aliweza kuugua sana kwa mlo mmoja wa ini.

Watu wa kale waliijua dawa kabla ya kuijua sababu. Vitabu vya utabibu vya Yunani vinavyonasibishwa na Hippocrates vinamwagiza mtu asiyeona usiku ale ini la ng'ombe, na agizo hilo lilidumu karne nyingi bila ya mtu kueleza nguvu yake ilitoka wapi. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliona kwamba panya waliolishwa vyakula vilivyochujwa pamoja na mafuta ya nguruwe walikoma kukua, na kwamba walipopewa mafuta yaliyotolewa katika siagi au kiini cha yai walianza kukua tena. Thomas Osborne na Lafayette Mendel, waliokuwa wakifanya kazi Connecticut, walifika mahali hapo hapo katika mwaka huo huo. Baadaye kikazuka kitendawili. Harry Steenbock alitambua mwaka 1919 kwamba vyakula vya mimea vyenye nguvu hiyo aghalabu vina rangi ya manjano, kama karoti na mahindi ya njano, ilhali mafuta ya ini la samaki, ambayo yalivishinda vyote, hayakuwa na rangi ya kutajika. Aliyekifumbua ni Thomas Moore wa Cambridge, Uingereza, ambaye mwaka 1930 alionyesha kwamba panya waliokwisha kuishiwa na vitamini, wakilishwa karotini, maini yao hujaa kitu kingine kisicho na rangi ile, nacho ndicho vitamini yenyewe. Paul Karrer wa Zurich akalichora umbo la vitu hivyo viwili, ikawa dhahiri kwamba beta-karotini ikikatwa katikati hutoa nusu mbili zilizo sawa, kila nusu ikiwa vitamini A. Akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Ukataji huo hufanyika hasa katika ukuta wa utumbo mwembamba, kwa kazi ya kimeng'enya mahsusi, na haufanikiwi vema pasipo mafuta katika chakula na nyongo katika utumbo, kwa sababu karotini haiyeyuki katika maji. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu, hata uwe kijani namna gani, humwachia mlaji sehemu ndogo ya utajiri wake. Mchicha huo huo ukitiwa tui la nazi au mafuta hutoa nyingi zaidi, na kwa rai yangu mpishi wa kwanza aliyeutia tui aliifanyia jamaa yake hisani kubwa kuliko ile ya ladha. Vitamini ikiisha kupatikana, iwe kwa kukatwa karotini au kwa kufyonzwa ikiwa kamili kutoka katika ini, yai au maziwa, hufungamanishwa na asidi ya mafuta, hutiwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, hupitia mishipa ya limfu mpaka kwenye damu, na mwishowe huokotwa na ini.

Hapa ndipo palipo na tofauti ya wageni wawili niliyoitaja. Mwili wenye akiba ya kutosha hutengeneza kiasi kidogo cha asidi ya retinoiki, ambayo ni sura ya vitamini A yenye kuamrisha jeni zifanye kazi au zinyamaze. Na asidi hii ikiwa tele katika ukuta wa utumbo huiamsha jeni iitwayo ISX, ambayo nayo huzizima jeni mbili nyingine, ile ya kuipokea karotini na ile ya kuikata. Kwa njia hii tumbo lililoshiba vitamini huifungia karotini mlango, na tumbo lenye njaa yake huufungua. Ndiyo maana mtu alaye karoti, papai na maembe kupita kadiri huweza kugeuka manjano viganjani na nyayoni, lakini hapati sumu ya vitamini A. Na ndiyo sababu mojawapo ya wataalamu wa lishe kuhesabu mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula kuwa sawa na mikrogramu 1 tu ya retinoli, yaani vitamini iliyokwisha kukamilika. Retinoli hiyo, kwa upande wake, haina mlinzi wa namna hiyo. Hufyonzwa kwa kadiri ya asilimia 70 hadi 90, mwili uwe na haja nayo au usiwe nayo.

Wanyama hawakugawiwa uwezo wa kuikata karotini kwa usawa. Ng'ombe huikata karotini, walakini sehemu yake huiacha ikapita nzima, nayo hukaa katika shahamu na katika maziwa, na ndiyo inayoipa samli ya ng'ombe rangi ya dhahabu wakati wa majani mabichi. Farasi naye ana shahamu ya manjano. Mbuzi, kondoo na nyati wa maziwa huigeuza karibu yote, kwa hiyo shahamu yao ni nyeupe, na samli ya nyati ni nyeupe pia. Lakini hasha, weupe huo si umaskini, kwani vitamini imo, ila imebadili vazi. Mnunuzi anayepima wema wa samli kwa rangi peke yake huenda akaidhulumu iliyo njema. Paka, kinyume cha hao wote, hawezi kuigeuza karotini ikamtosha: sharti aipate retinoli iliyotengenezwa na mwili wa mnyama mwingine, na tangu asili yake amekuwa akimtegemea panya na ndege wamfanyie kazi ambayo utumbo wake hauifanyi.

Sasa tuingie ghalani. Kati ya asilimia 70 na 90 ya vitamini A yote iliyo katika mwili wa mnyama mwenye siha imo katika ini, na iliyosalia imetawanyika katika shahamu, mapafu, figo na nyuma ya jicho. Lakini kusema kwamba imo katika ini hakutoshi, kwa kuwa seli zilizo nyingi katika kiungo hicho, ambazo hufanya kazi zake mashuhuri, si hizo ziiwekazo. Mwaka 1876 Karl Wilhelm von Kupffer, mtaalamu wa Kijerumani, aliziona katika ini seli chache zenye mikono iliyonyooka pande zote, akaziita seli za nyota. Kisha yeye mwenyewe akazichanganya na seli nyingine zinazomeza uchafu, ambazo ndizo zilizobaki na jina lake hata leo. Mwaka 1951 Toshio Ito wa Japani alizieleza seli za ini zilizojaa matone ya mafuta, pasipo kujua kwamba anazisema zile zile. Ikawa kazi ya Kenjiro Wake, Mjapani pia, kuthibitisha mwaka 1971 kwamba nyota za Kupffer na seli za Ito ni kitu kimoja, na kwamba matone yale ndiyo ghala la vitamini A. Karibu miaka mia moja ilipita kati ya kuliona ghala na kujua kilichomo ndani yake.

Seli hizi ni asilimia 5 hadi 8 tu ya seli zote za ini. Zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno hung'aa kwa rangi ya buluu yenye ukijani, kisha mng'ao ule hufifia upesi machoni pa mtazamaji, na hiyo ndiyo alama ya vitamini A. Kimeng'enya kiitwacho LRAT ndicho kinachoifunga retinoli kwa asidi ya mafuta ili iweze kukaa ndani ya matone bila ya kudhuru; panya walioondolewa jeni ya kimeng'enya hiki katika maabara hawana akiba ya kutajwa katika maini yao, na wakikosa vitamini katika chakula huishiwa upesi. Lililo la ajabu zaidi ni kwamba LRAT yenyewe hutii hali ya ghala: vitamini ikipungua mwilini kimeng'enya hicho hupungua katika ini, hata retinoli chache inayoingia haifungiwi, bali hupelekwa moja kwa moja kwenye viungo vinavyoihitaji. Utaratibu huu ni wa kale mno. Hata samaki wasio na taya, wanaofanana na mkunga, ambao nasaba yao iliachana na ya wanyama wengine wenye uti wa mgongo katika zama za mbali sana, wana seli za nyota zenye vitamini A. Na papa, ambaye mafuta ya ini lake kwa lugha ya mabaharia wa pwani yetu huitwa sifa, na hupakwa mbao za majahazi zisioze, amebeba katika ini hilo hazina kubwa, kiasi kwamba vita vya pili vya dunia vilipokata njia za mafuta ya samaki kutoka Ulaya, wavuvi wa California walimwandama papa kwa ajili ya vitamini yake.

Seli za nyota zina upande wa pili ambao yafaa utajwe hapa. Ini likijeruhiwa kwa muda mrefu, kwa pombe, kwa virusi vya homa ya ini au kwa mayai ya kichocho cha matumbo, seli hizi hupoteza matone yao ya vitamini, hubadilika sura, na huanza kufuma nyuzi ngumu za kolajeni ambazo ndizo kovu la ini. Mwenye ghala hugeuka mjenzi wa kuta mahali pasipotakiwa kuta. Kama kupotea kwa vitamini ndiko kunakoianzisha shari au ni dalili yake tu, ni jambo ambalo wataalamu bado wanalijadili. Lakini ni hakika kwamba mgonjwa wa ini lililojaa makovu aghalabu ana akiba haba ya vitamini A.

Nije kwenye mlango wa kutokea, ambao kwangu ndio sehemu yenye hikima kubwa kuliko zote. Retinoli haitoki katika ini ikiwa huru. Sharti ibebwe na protini moja maalumu, iliyotambuliwa mwaka 1968 na DeWitt Goodman na wenzake huko New York, ambayo huchukua molekuli moja tu ya retinoli, wala haichukui ya pili. Na protini hiyo ndogo, isije ikachujwa na figo na kupotea katika mkojo, huambatana na protini nyingine kubwa zaidi, zikasafiri pamoja kama mtoto na mlezi wake. Ile inayoponyoka na kufika katika figo huokotwa pale na kurudishwa. Retinoli iliyotumwa kwenye viungo isipotumiwa hurudi tena kwenye damu na kwenye ini, ikaenda na kurudi mara kadhaa kabla ya kuharibiwa. Matokeo ya ukali huu ni kwamba kiasi cha retinoli katika damu ya mtu mwenye siha hukaa karibu pale pale, kati ya mikromoli 1 na 2 kwa lita, ini lake liwe na mikrogramu 20 kwa kila gramu au liwe na 300. Ghala likiwa nusu, damu haisemi. Likiwa robo, damu bado haisemi.

Ushahidi bora wa jambo hili ulipatikana Sheffield, Uingereza, katika miaka ya vita, kuanzia 1942 hadi 1944, ambapo watu 23 waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya imani zao walijitolea miili yao kwa uchunguzi ulioongozwa na Hans Krebs, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1953 kwa kazi nyingine. Kumi na sita kati yao walilishwa chakula kisicho na vitamini A hata chembe ya kuhesabika. Miezi ikapita, wengine wakafikisha mwaka na zaidi, na katika hao kumi na sita ni watatu tu walioonyesha dalili za wazi za kuishiwa. Wengine wote walikuwa wakiishi kwa siagi, mayai na mboga walizokuwa wamekula zamani. Nawaheshimu watu wale, kwa kuwa waliikubali njaa ya jicho kwa hiari ili wengine wapate maarifa. Na walichokithibitisha ni kwamba upofu wa usiku unapomfika mtu mzima huwa umetanguliwa na ufukara wa miezi mingi ambao hakuna aliyeuona.

Kwa hiyo tabibu anayepima damu hupewa habari iliyochelewa. Wataalamu wamelitafutia tatizo hili hila nzuri, inayotokana na tabia ya ini lenyewe: ini lisipokuwa na retinoli huendelea kutengeneza ile protini ya kubebea, nayo hulundikana ndani ikisubiri mzigo. Mtu akipewa kipimo kidogo cha vitamini, na damu yake ikapimwa kabla na baada ya saa tano, ini lenye akiba halionyeshi badiliko kubwa, lakini ini lililo tupu huzitoa zile protini zote kwa pamoja zikiwa zimekwisha kupata mzigo, na kiwango katika damu hupanda ghafula. Yaani damu ikipanda sana, ujue ghalani palikuwa hapana kitu.

Ukali wa mlango wa kutokea na ulegevu wa mlango wa kuingilia vikikutana, ghala hufurika. Vitamini A ikizidi uwezo wa seli za nyota humwagika katika damu ikiwa imefungwa kwa mafuta tu, bila ya protini yake ya kuichunga, na hapo huwa dhara kwa utando wa seli: kichwa huuma, ngozi hubabuka, nywele hutoka, mifupa huota mahali pasipofaa, ini lenyewe huharibika. Paka waliolishwa maini matupu kwa muda mrefu wameonekana pingili za shingo zao zikishikana kwa mifupa mipya mpaka wakashindwa kujilamba. Mbwa na jamaa zake wana njia yao: hubeba vitamini A iliyofungwa kwa mafuta katika damu kila siku bila ya kudhurika, na sehemu huitoa kwa mkojo, jambo ambalo mwanadamu mwenye afya halifanyi.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote watoka katika nchi za barafu. Mwaka 1597 mabaharia wa Kiholanzi waliokuwa pamoja na Willem Barents, baada ya kukwama majira yote ya baridi katika visiwa vya Novaya Zemlya, walilipika ini la dubu mweupe wakalila. Gerrit de Veer aliyeandika habari za safari ile asema kwamba waliugua sana, na watatu kati yao ngozi iliwabambuka toka utosini hadi nyayoni. Wenyeji wa nchi hizo walikuwa wakilikwepa ini hilo tangu zama zisizojulikana. Sababu haikuthibitishwa mpaka mwaka 1943, ambapo Kaare Rodahl wa Norway, pamoja na Thomas Moore yule yule wa karotini, walipima ini la dubu na kukuta ndani yake vizio vya kimataifa 13,000 hadi 18,000 vya vitamini A kwa kila gramu. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 700 hadi 900 za retinoli kwa siku. Kipande cha gramu 100 cha ini lile chabeba haja yake ya zaidi ya mwaka mzima. Dubu hakuitengeneza hazina hiyo: aliirithi kwa sili, sili kwa samaki, samaki kwa vidudu vya majini, na vidudu kwa mimea midogo ya bahari, kila mmoja akijaza ghala lake kwa ghala la aliyemla. Mbweha wa barafuni na shakwe wakubwa wa huko wameonekana na akiba za namna hiyo hiyo, lakini kulungu wa nchi ile ile, alaye majani, ana akiba ya kawaida. Kwa hiyo baridi si sababu. Sababu ni cheo cha mnyama katika mlolongo wa walaji.

Katika barafu ya kusini, mwanzoni mwa mwaka 1913, Mswisi Xavier Mertz alifariki dunia akiwa safarini na Douglas Mawson, baada ya mwenzao mmoja kutumbukia katika ufa pamoja na sehemu kubwa ya chakula na wao kubaki wakila mbwa wao, maini na yote. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Australia walitoa rai kwamba aliuawa na vitamini A ya maini yale. Rai hiyo imepingwa na wengine wanaosema njaa na baridi vilitosha, nami sioni njia ya kuikata kesi hiyo leo. Walakini kubabuka kwa ngozi na kutoka nywele, ambako Mertz na Mawson wote wawili walikupata, ni dalili zisizopaswa kupuuzwa.

Nasi tuna shahidi wetu, aliye mzee kuliko hao wote. Mwaka 1973 Kamoya Kimeu, mtafutaji hodari wa mabaki ya kale ambaye Kenya haijapata wengi mfano wake, aligundua Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, mifupa ya mwanamke wa jamii ya watu wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 1.6 iliyopita, na ambaye katika daftari za makumbusho hujulikana kwa namba KNM-ER 1808. Mifupa ya miguu yake imefunikwa na tabaka nene la mfupa mpya usio na mpangilio. Alan Walker na wenzake, katika makala ya mwaka 1982, walieleza kwamba hiyo ni athari ya vitamini A iliyozidi, na kwamba mwanamke yule huenda alikula maini ya wanyama walao nyama, katika zama ambazo watu wa kale walikuwa wameanza kula nyama kwa wingi wala hawakuwa wamejifunza ni kiungo gani cha kuachwa. Mwingine akatoa hoja mwaka 1991 kwamba majana ya nyuki, ambayo kwa rai yake yana vitamini hiyo kwa wingi, yangeweza kuleta dhara lile lile. Na wako wasemao kwamba ni buba. Mimi naiona hoja ya ini kuwa na nguvu kwa sababu moja: ugonjwa wa namna hiyo hauji kwa siku moja, na wingi wa mfupa mpya waonyesha kwamba aliishi majuma au miezi katika maumivu, jambo linaloafikiana na sumu ya kulundikana. Lakini hoja hiyo hiyo haiifukuzi buba moja kwa moja, na msomaji mwadilifu ataiacha kesi wazi.

Kati ya uhaba na wingi huo yuko mama na mtoto wake. Kondo la nyuma hupitisha vitamini A kwa kipimo kidogo, kwa sababu asidi ya retinoiki ndiyo inayopanga viungo vya mimba, na kuzidi kwake huvipanga vibaya. Kwa hiyo ndama, mwana-mbuzi na mtoto wa mwanadamu huzaliwa wote ghala zao zikiwa karibu tupu. Tabia ya maumbile imeliweka fungu lao katika dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, yaliyo na vitamini hiyo mara nyingi kuliko maziwa ya baadaye. Anayeyamwaga dang'a kwa kudhani ni machafu humnyima mtoto urithi wa kwanza. Kadhalika mama mjamzito na ashibe mboga na matunda bila ya hofu, lakini ini, ambalo ni tunu katika karamu zetu na huliwa la kwanza baada ya kuchinja siku ya Iddi, alionje kwa kiasi, kwani gramu 100 za ini la ng'ombe zaweza kuwa na mikrogramu 5,000 za retinoli au zaidi.

Na hapa ndipo elimu hii yote inapogusa uhai. Ile protini ya kubebea vitamini haitengenezwi pasipo chakula cha kujenga mwili na madini ya zinki. Mtoto mwenye utapiamlo aweza kuwa na retinoli katika ini na bado isiione njia ya kutokea. Surua nayo humaliza akiba kwa kasi, kwa kuwa homa hulifanya ini lipunguze kazi ya kubeba na figo ziache kuokota. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 waliougua surua waligawanywa katika makundi mawili, na matokeo yalitangazwa mwaka 1987: katika kundi la watoto 92 ambao hawakupewa vitamini A walikufa 12, na katika kundi la 88 waliopewa walikufa 6, tofauti ikiwa kubwa zaidi kwa wale wasiozidi miaka miwili. Mwaka mmoja kabla yake Alfred Sommer na wenzake walikuwa wameonyesha huko Aceh, Indonesia, kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban theluthi katika vijiji vilivyopewa vitamini hiyo. Wako walioshangaa kwamba matone mawili matatu ya vitamini hiyo yaweza kumlinda mtoto kwa nusu mwaka. Mimi sioni la kushangaza kwa aliyekwisha kulijua ghala: vizio 200,000 vya kipimo kimoja ni miligramu 60, na kama vyote vingebaki mwilini vingemtosha mtoto miezi mitano hivi. Dawa ile haifanyi lolote ila kulijaza ini kama ambavyo mvua njema na malisho mazuri vingelijaza.

Chakula ni bora kuliko matone palipo na chakula, kwa kuwa karotini ina mlinzi na matone hayana. Mawese mekundu ya Kigoma, ya Burundi na ya Kongo, yasiposafishwa mpaka yakapoteza rangi, huibeba karotini pamoja na mafuta ya kuiyeyusha. Viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya machungwa, ambavyo Robert Mwanga wa Uganda na wenzake walivieneza hata wakatunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, hustawi katika shamba dogo la mtu asiye na ng'ombe. Dagaa wanaoliwa wazima, macho na matumbo, wana faida ambayo minofu mitupu ya samaki mkubwa haina.

Lakini maadamu wako watoto ambao vyakula hivyo haviwafikii vya kutosha, nawaomba wazazi wasiyadharau matone wala wasiyazidishe. Mtoto wa miezi sita hadi kumi na mmoja hupewa vizio 100,000 mara moja, na aliyetimiza mwaka mpaka kufikia miaka mitano hupewa vizio 200,000 kila baada ya miezi minne hadi sita. Kadi yake ya kliniki ihifadhiwe na kila kipimo kiandikwe humo, ili asikose zamu yake na asipewe mara mbili katika zamu moja.